Ushirika Ulioisafisha Injini ya Petroli

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Neno hili walilisema watu wa pwani juu ya vyombo vya baharini, lakini lafaa vile vile kwa vyombo vya nchi kavu. Asubuhi usimamapo kando ya barabara, msomaji mpenzi, na gari jipya la petroli likapita mbele yako, huisikii injini yake ila kwa mvumo mdogo, na moshi utokao nyuma yake hauonekani kwa macho. Pengine wadhani kuwa ndivyo magari yalivyokuwa tangu yalipozaliwa. La, sivyo. Utulivu ule, na usafi ule ambao hata leo haujatimia, ni kazi ya watu wengi wa nchi nyingi waliohangaika kwa muda wa miaka 100 na zaidi. Baadhi yao walikuwa wataalamu wa vyuo, baadhi mafundi, na baadhi wafanyabiashara walioshindana sokoni mchana na kuketi meza moja jioni. Walishirikiana, lakini si kila ushirika wao ulikuwa wa heri. Upo uliotoa nuru, na upo uliotia giza. Nataka nikusimulie habari za yote mawili, kisha uamue mwenyewe ni kitu gani kilichoutenga ushirika wa namna moja na ule wa namna nyingine.

Hebu kwanza tuifungue injini tutazame ndani. Mwaka 1876 Mjerumani mmoja, Nikolaus Otto, alikamilisha injini ya mapigo manne. Katika pigo la kwanza pistoni hushuka ndani ya silinda na kuvuta mchanganyiko wa hewa na mafuta. Katika pigo la pili hupanda na kuugandamiza mchanganyiko huo. Kabla ya pigo la tatu cheche ya moto huruka, mchanganyiko ukawaka, na pistoni ikasukumwa chini kwa nguvu. Hapo ndipo kazi ifanyikapo. Katika pigo la nne pistoni hupanda tena na kuutoa moshi nje. Injini ya Otto ilitumia gesi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1886, Karl Benz alipata hataza ya gari la magurudumu matatu lililoendeshwa kwa injini ya namna hiyo, ikila mafuta mepesi ya jamii ya petroli.

Lishike vizuri jambo la pigo la pili, maana ndilo shina la hadithi yetu. Kadiri mchanganyiko unavyogandamizwa zaidi kabla ya kuwashwa, ndivyo injini inavyopata nguvu nyingi zaidi kwa mafuta yale yale. Mafundi walilijua hilo mapema. Lakini kila walipojaribu kuongeza mgandamizo, injini ilianza kugonga. Sauti kama ya nyundo juu ya fuawe ilisikika ndani ya silinda, nguvu ikapungua, joto likapanda, na mwisho pistoni zikaharibika. Kwa hiyo magari ya zamani hizo yaligandamiza kidogo tu. Gari la Ford Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, liliugandamiza mchanganyiko mpaka kadiri ya robo ya nafasi yake ya kwanza. Magari mengi ya siku hizi huugandamiza mpaka sehemu ya kumi, au chini ya hapo. Tena baada ya Vita Vikuu vya Kwanza watu wengi wa Marekani waliogopa kuwa mafuta ya ardhini yangekwisha upesi. Injini iliyokula mafuta mengi kwa kazi ndogo ilionekana kuwa hasara ya taifa zima.

Je, kugonga kule kulitoka wapi? Wengine walilaumu plagi na vyombo vya umeme, wengine wakalaumu ufundi mbaya wa silinda. Katika Uingereza alikuwako mhandisi aliyeitwa Harry Ricardo, ambaye wakati wa vita alikuwa ametengeneza injini za vifaru. Vita vilipokwisha, kampuni ya mafuta ya Shell ilimgharamia achunguze jambo hilo katika karakana yake huko Shoreham, kando ya bahari. Hakufanya kazi peke yake. Aliwaita wataalamu wawili wa sayansi, Henry Tizard na David Pye, nao pamoja wakatumia injini ya ajabu ambayo mgandamizo wake uliweza kuongezwa au kupunguzwa huku ikienda. Walijaribu mafuta ya namna nyingi, wakaona kuwa kila namna ina kikomo chake, na ikipita kikomo hicho hugonga. Tena wakafahamu sababu. Moto uanzao kwenye plagi huenea kwa utaratibu ndani ya silinda, ukisukuma mbele yake mafuta ambayo bado hayajawaka. Mafuta hayo ya mwisho yakizidi kubanwa na kupashwa joto, huwaka yenyewe yote kwa mara moja, kama baruti. Kumbe ugonjwa haukuwa katika chuma tu. Ulikuwa katika petroli yenyewe.

Ng'ambo ya bahari, katika mji wa Dayton huko Marekani, swali lile lile lilikuwa likitafutiwa jawabu kwa njia nyingine. Charles Kettering, mvumbuzi mkubwa aliyefanya kazi na kampuni ya General Motors, alimpa kijana wake Thomas Midgley kazi ya kutafuta dawa ya kutia ndani ya petroli ili injini isigonge. Midgley alijaribu vitu vingi mno kwa muda wa miaka kadhaa. Tarehe 9 Desemba 1921 yeye na wenzake walitia katika mafuta tone la kitu kiitwacho tetraethili ya risasi, na kugonga kukanyamaza papo hapo. Risasi tuisemayo hapa si ile ya bunduki, bali ni madini yale mazito na laini ambayo risasi za bunduki zilitengenezwa kwayo. Kiasi kilichohitajiwa kilikuwa kidogo kupita kiasi: hakikufika kijiko kimoja cha chai kwa galoni nzima ya petroli.

Hapa, msomaji, simama kidogo ufikiri. Kwamba risasi ni sumu halikuwa jambo geni. Watu wa kale walilijua, na waganga wa karne ya 19 waliandika habari za wachoraji na wafanyakazi wa viwandani waliopooza mikono au kurukwa na akili kwa sababu yake. Tena ilijulikana kuwa spiriti, ile inayopatikana kwa kuchachusha nafaka au miwa, nayo huzuia kugonga. Midgley mwenyewe alikuwa ameijaribu. Lakini spiriti ilihitajiwa kwa wingi, na hakuna mtu aliyeweza kuihodhi kwa hataza. Risasi ilitosha kwa kijiko, na hataza ikawa mkononi. Mwaka 1923 petroli yenye risasi ilianza kuuzwa katika Dayton. Mwaka 1924 General Motors na kampuni ya Standard Oil ya New Jersey ziliungana kuunda kampuni moja ya kuiuza dawa hiyo, wakaiita Ethyl. Katika jina hilo neno risasi halikutajwa.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, katika kiwanda cha Bayway huko New Jersey, wafanyakazi walianza kuona vitu visivyokuwako na kupiga makelele kama wenye wazimu. Watano walikufa, na wengine wengi wakapelekwa hospitali. Habari zilienea magazetini, na uuzaji ukasimamishwa. Mwezi wa Mei 1925 mganga mkuu wa serikali ya Marekani aliwakusanya pamoja watu wa viwanda na wataalamu wa afya mjini Washington. Miongoni mwa waliosimama kuonya alikuwa Dakta Alice Hamilton wa Harvard, mwanamke aliyekuwa bingwa wa maradhi ya viwandani. Hofu yake na ya wenzake haikuwa juu ya wafanyakazi wa kiwanda peke yao, bali juu ya vumbi la risasi ambalo lingemwagwa kidogo kidogo, kila siku, katika njia za miji yote, mahali watu wanapopita na watoto wanapocheza.

Kamati iliwekwa, nayo ilipewa miezi michache tu kufanya uchunguzi. Mwanzoni mwa 1926 ilitoa taarifa kwamba haikuona sababu ya kutosha ya kuikataza petroli ile, lakini ikashauri uchunguzi uendelee, maana madhara ya muda mrefu yasingeweza kuonekana kwa muda mfupi. Uchunguzi ule uliendelea mikononi mwa nani? Kwa miaka kama 40 sehemu kubwa yake ilifanywa na wataalamu waliolipwa na kampuni zile zile zilizoiuza dawa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, kama utakavyoona, ulikuja kujengwa kwa gharama kubwa.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu kila mkutano wa wafanyabiashara, kwani miaka ile ile ushirika wa namna nyingine ulizaliwa. Jaribu kufikiri soko ambalo kila mwuzaji ana pishi yake mwenyewe. Huyu asema mahindi yake ni pishi tano, yule asema ni saba, na mnunuzi hana njia ya kujua nani asema kweli. Ndivyo petroli ilivyokuwa. Kila kampuni ilisifu mafuta yake, na kila kiwanda cha magari kilikuwa na kipimo chake cha kugonga. Mtengenezaji wa injini hakujua afanye mgandamizo wa kadiri gani, kwa sababu hakujua mnunuzi wa gari angepata petroli ya namna gani. Mwenye mafuta naye hakujua asafishe mafuta yake kwa kadiri gani, kwa sababu hakujua injini zijazo zingekuwa za namna gani. Kila mmoja alimngoja mwenzake.

Ndipo watengenezaji wa magari, kampuni za mafuta na ofisi ya serikali ya Marekani ya vipimo walipoketi pamoja katika kamati ya ushirika wa utafiti wa mafuta. Walikubaliana kuwa iundwe injini moja ya kupimia, yenye silinda moja tu na mgandamizo wa kubadilika, nayo iwe sawasawa kila mahali. Kampuni ya Waukesha iliijenga, na mwanzoni mwa mwaka 1929 ikaonyeshwa kwa wahandisi. Kwa kipimo walichagua rai ya mwanakemia Graham Edgar, aliyekuwa ametaja mafuta mawili safi: heptani, ambayo hugonga upesi, ikapewa namba 0, na isooktani, ambayo hugonga kwa shida, ikapewa namba 100. Petroli ikigonga sawa na mchanganyiko wa sehemu 90 za isooktani na sehemu 10 za heptani, basi oktani yake ni 90. Namba ya oktani inayotajwa leo mafuta yauzwapo, katika Kenya kama katika nchi nyingine, ilitoka katika meza ile.

Tena tazama uaminifu wa kazi yao. Mwaka 1932 walichukua magari ya namna mbalimbali mpaka kwenye mlima mmoja karibu na Uniontown, katika Pennsylvania, wakayapandisha mlimani na kuyasikiliza yakigonga. Wakaona kuwa namba za maabara hazikupatana vizuri na mambo ya barabarani. Hawakuificha aibu hiyo, wala hawakuilaumu barabara. Waliigeuza njia yao ya kupima mpaka ikakaribiana na ukweli, wakaitangaza kwa kila mtu. Injini ile ya silinda moja ingali ikitumika katika maabara za dunia mpaka leo.

Hivyo mgandamizo ukapanda mwaka baada ya mwaka, na injini ikafanya kazi kubwa zaidi kwa mafuta yale yale. Lakini hata wakati huo hakuna aliyeuliza sana habari ya kile kilichotoka katika pigo la nne. Swali hilo lililetwa na mji wa Los Angeles. Mwezi wa Julai 1943 ukungu mzito wenye kuwasha macho uliufunika mji huo, hata baadhi ya watu wakadhani kuwa adui amewashambulia kwa hewa ya sumu. Ukungu ulirudi tena na tena. Watu walilaumu viwanda, wakalaumu majaa ya taka, lakini viwanda vilipobanwa ukungu haukuondoka.

Jawabu lilitoka kwa Mholanzi mmoja, Arie Haagen-Smit, mwalimu wa chuo cha Caltech, aliyekuwa akichunguza kemia ya harufu ya mananasi. Aliombwa atumie vyombo vyake kuichunguza hewa ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kuwa mabaki ya petroli isiyoungua, yakichanganyika na oksaidi za nitrojeni ambazo hutokea ndani ya joto la injini, hupikwa na mwanga wa jua angani yakatoa hewa kali iitwayo ozoni pamoja na ukungu ule wa kuwasha macho. Basi mchafuzi mkubwa alikuwa gari la kila mtu. Kampuni za magari zilipinga kwanza, zikasema moshi wa magari hutawanyika upesi na hauna madhara.

Baadaye kampuni hizo zilikubali kufanya utafiti wa pamoja. Mwaka 1955 zilitia sahihi mapatano ya kushirikiana katika uvumbuzi wa vyombo vya kusafishia moshi, kila mmoja awe na haki ya kutumia uvumbuzi wa mwenziwe. Kwa sura, mapatano hayo yalifanana na yale ya kamati ya oktani. Lakini miaka ilipita, na vyombo havikuonekana magarini. Mwezi wa Januari 1969 wanasheria wa serikali ya Marekani walizishtaki kampuni hizo mahakamani, wakidai kuwa zilikuwa zimepatana kwa siri kuchelewesha vyombo hivyo, ili asiwepo hata mmoja atakayemtangulia mwenziwe kuviweka katika magari na kuwalazimisha wengine kufuata. Kampuni hazikukiri kosa. Shauri lilikwisha mwaka huo huo kwa makubaliano, nazo zikaahidi kuacha mapatano ya namna hiyo. Ona basi, msomaji: kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole vikikutana vyaweza pia kuziba kinywa cha mtu.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa sheria. Siku ya mwisho ya mwaka 1970 Rais Richard Nixon alitia sahihi sheria ya hewa safi, iliyoamuru kwamba kaboni monoksaidi na mabaki ya petroli yatokayo katika magari mapya yapunguzwe kwa sehemu 90 katika kila 100 ndani ya miaka mitano. Mafundi wengi walisema haiwezekani. Lakini tayari, tangu mwaka 1967, kampuni ya magari ya Ford na kampuni ya mafuta ya Mobil zilikuwa zimeanza utafiti wa pamoja juu ya kusafisha moshi, na kampuni nyingine za magari na mafuta, hata za ng'ambo, zilijiunga nao. Sasa kwa kuwa sheria iliwabana wote sawasawa, hapakuwa na faida tena ya kungojana.

Chombo walichokitegemea zaidi kilikuwa kisafisha moshi chenye kichocheo. Kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kuisha. Eugene Houdry, Mfaransa aliyehamia Marekani, alikuwa amekwisha kubuni kisafisha moshi cha namna hiyo katika miaka ya 1950, lakini hakikufaa magari, kwa sababu moja: risasi iliyokuwamo katika petroli ilikifunika kichocheo na kukiua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu watatu wa kampuni ya Corning, Rodney Bagley, Irwin Lachman na Ronald Lewis, walitengeneza kiini cha udongo wa kauri chenye vitundu vingi vyembamba kama sega la nyuki. Ndani ya vitundu hivyo watu wa kemia walipaka madini ya thamani ya jamii ya platinamu. Moshi ukipita humo, kaboni monoksaidi na mabaki ya petroli huungana na oksijeni, vikageuka kuwa mvuke wa maji na kaboni dioksaidi.

Lakini petroli ya risasi ilipaswa kuondoka kwanza. Ajabu ya mambo, mwaka 1970 mkuu wa General Motors, Edward Cole, ndiye aliyetangaza kuwa kampuni yake itatengeneza injini zisizohitaji risasi; kampuni ile ile ambayo nusu karne nyuma iliitoa risasi Dayton na kuipeleka duniani. Tangu mwaka 1974 vituo vikubwa vya mafuta vya Marekani vililazimishwa kuuza petroli isiyo na risasi, na magari mengi ya mwaka 1975 yakatoka yakiwa na kichocheo. Wajapani wa kampuni ya Honda walitimiza sharti kwa njia nyingine: walitengeneza injini yenye chumba kidogo cha kuwashia moto, ambayo iliunguza mafuta vizuri hata haikuhitaji kichocheo wakati huo.

Zilibaki zile oksaidi za nitrojeni. Ili ziondolewe pamoja na uchafu mwingine katika kichocheo kimoja, hewa na petroli lazima vichanganywe kwa kipimo kamili, kadiri ya sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito. Kabureta ya kawaida haikuweza kutunza kipimo hicho. Wakemia wa kampuni ya Engelhard, akiwamo Carl Keith na John Mooney, waliunda kichocheo chenyewe; kampuni ya Bosch ya Ujerumani ikatengeneza kifaa kidogo cha kupima oksijeni ndani ya bomba la moshi; na Volvo ya Uswidi ikaviunganisha vyote katika magari yake ya mwaka 1977 yaliyouzwa California. Kifaa kile huonja moshi na kupeleka habari mbele, na petroli ikaongezwa au ikapunguzwa mara nyingi kwa dakika, kama mpishi aonjaye mchuzi na kurekebisha chumvi. Jawabu hilo lilihitaji nchi mbalimbali na elimu mbalimbali, na sasa limo katika magari ya petroli karibu dunia nzima.

Sasa turudi kwenye risasi. Umeona kuwa iliondolewa kwanza ili isikiue kichocheo. Lakini damu ya binadamu je? Clair Patterson, mtaalamu aliyepima umri wa dunia kwa kutumia risasi iliyomo katika mawe, aligundua kuwa kila mahali alipopima aliikuta risasi iliyozidi: katika vumbi, katika bahari, katika theluji ya nchi za mbali. Mwaka 1965 aliandika kuwa watu wa Marekani walikuwa wamebeba risasi nyingi kuliko ile ya asili. Mwaka 1979 Dakta Herbert Needleman alitangaza kuwa watoto wenye risasi nyingi katika meno yao walikuwa nyuma ya wenzao katika akili na katika masomo. Wote wawili walipingwa vikali. Lakini petroli ya risasi ilipozidi kupungua katika Marekani, kiasi cha risasi katika damu ya watu wa nchi hiyo kilishuka kwa zaidi ya robo tatu kati ya miisho ya miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1990. Hofu ya Dakta Hamilton ya mwaka 1925 ilikuwa kweli tupu.

Na sisi je? Nchi tajiri zilipokuwa zikiitupa risasi, karibu nchi zote za Afrika ziliendelea kuichoma, Kenya ikiwa mojawapo. Mwaka 2001 wajumbe wa nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara walikutana Dakar, huko Senegal, wakakubaliana kuiondoa risasi kabla mwaka 2005 haujaisha. Mwaka 2002, katika mkutano mkuu wa Johannesburg, ushirika wa mafuta safi na magari safi ulianzishwa, ukiziunganisha serikali, kampuni za mafuta, watengenezaji wa magari na vyama vya raia. Na ofisi yake ya uratibu iliwekwa Nairobi, katika Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira huko Gigiri. Mafundi waliokuwa na hofu walionyeshwa kuwa magari ya zamani hayangeharibika. Ilipofika Januari 2006, Kenya na nchi nyingine za kusini ya Sahara zilikuwa zimeacha. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, iliyoacha mwezi wa Julai 2021. Tangu lile tone la Desemba 1921 ilikuwa imepita miaka 99 na miezi saba.

Kazi haijaisha. Injini nyingi za petroli bado hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta kwa joto. Zilizo bora kabisa zapita sehemu 40 katika kila 100. Kaboni dioksaidi, ambayo hakuna kichocheo kinachoizuia, hulipasha joto anga la dunia. Kazi hiyo nayo haitamalizwa na mtu mmoja wala kampuni moja.

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, siku moja utakapoitwa kuketi katika meza ya ushirika, iwe ya sayansi, ya biashara au ya kijiji chako, kumbuka meza hizi tulizozitazama. Watu wa oktani walishirikiana kutafuta kipimo, wakamwonyesha kila mtu, hata kilipowaumbua. Watu wa risasi walishirikiana kuuza, na uchunguzi ukawekwa mikononi mwa mwenye kuuza. Wote walikuwa na akili, wote walikuwa na fedha, na mara nyingine walikuwa watu wale wale. Tofauti ilikuwa hii tu: ni nani aliyeruhusiwa kuliona jawabu, na ni nani aliyeathirika bila kuwa na kiti mezani. Mtoto aliyecheza vumbini kando ya barabara hakuwa na kiti. Uketipo, mwulizie.